Maswali na majibu: Laktulosi kwa choo kigumu

Nilikunywa jana usiku na leo asubuhi sijapata choo. Niongeze dozi?

Usiongeze. Laktulosi ni sukari ambayo mwili hauwezi kuisaga. Hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko huivunja kuwa asidi, na ndipo maji yanapovutwa kulainisha kinyesi. Kazi hiyo huchukua saa 24 hadi 48, pengine siku 3. Wengi huongeza dozi siku ya kwanza kwa kukosa subira, halafu siku ya tatu wanaharisha na kuilaumu dawa.

Mtu mzima anywe kiasi gani?

Kwa sirapu ya kawaida, yenye gramu 10 katika kila mililita 15, dozi ya kuanzia ni mililita 15 mara mbili kwa siku. Choo kikilainika, punguza kidogo kidogo. Kikiwa majimaji, punguza au acha, kwa sababu kuharisha kwa muda mrefu hupoteza maji na potasiamu. Tumia kikombe cha kupimia kinachokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani ujazo. Unaweza kuichanganya na maji au juisi, kabla au baada ya kula. Ukisahau dozi, endelea na inayofuata bila kuirudufu.

Kunywa maji ya kutosha, glasi 6 hadi 8 kwa siku, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Dawa hii hufanya kazi kwa maji. Usipokunywa, itavuta yako.

Tumbo linajaa gesi. Ni mzio?

Hapana, ni bakteria hao hao kazini. Kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Ikikusumbua, shusha dozi kisha ipandishe taratibu.

Maumivu makali ni jambo jingine. Tumbo likivimba na kuuma sana, ukitapika na hutoi choo wala hewa, usinywe dawa yoyote ya choo: huenda utumbo umeziba. Nenda hospitali mara moja. Damu kwenye choo au kukonda bila sababu pia ni vya kuonwa na daktari.

Nina kisukari. Naruhusiwa?

Kwa dozi za choo kigumu, mara nyingi ndiyo, kwa kuwa haifyonzwi. Ila chupani mna sukari nyingine kidogo, laktosi na galaktosi, hivyo mweleze mfamasia na upime sukari kama kawaida. Mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kutumia galaktosi, haruhusiwi kabisa.

Mjamzito je, na mtoto?

Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuitumia. Kama choo kilianza kuwa kigumu baada ya vidonge vya madini ya chuma, mwambie anayekuhudumia kliniki. Dozi ya mtoto hufuata umri wake, na wa chini ya mwaka mmoja apangiwe na daktari.

Sirapu imekuwa nyeusi kidogo. Niitupe?

Kuiva rangi hakuipunguzii nguvu. Angalia tarehe ya mwisho, na usiigandishe.