Kabla hujadai umepata asili ya neno

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: neno caayuq la Kiyupik cha Alaska, maana yake chai, lina undugu na chai yetu? (Hiyo c yao husomwa ch.) Nilifurahi sana, kwa sababu swali kama hilo ndilo lililoniangusha mimi.

Miaka mitano iliyopita niliandika makala ndefu juu ya kass'aq, jina ambalo Wayupik humwita Mzungu. Mimi nimekulia na neno mzungu, mtu wa kuzungukazunguka, basi nikaamini nao walimpa mgeni jina kwa tabia yake. Nikapekua kamusi usiku kucha mpaka nikapata mzizi wa kufanana nalo. Mhariri akairudisha na mstari mmoja tu: ni neno la Kirusi, kazak. Mkozaki, yaani askari mpanda farasi wa Urusi! Warusi walikuwa Alaska hadi mwaka 1867, na nililijua hilo. Sikujiuliza. Mstari ule unaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nasema, usianze na maana. Anza na ndugu wa neno. Kiyupik kina ndugu wa ukoo mmoja, lugha ya Greenland. Tano kwa Wayupik ni talliman, Greenland ni tallimat, na kote linatokana na neno la mkono. Tatu ni pingayun huku, pingasut kule: y imekaa mahali pa s. Mtu ni yuk kwa hawa, inuk kwa wale, kama sisi tulivyo na mtu na jirani zetu muntu. Neno la ukoo huacha nyayo kila walikopita wenyewe. Sasa tafuta kass'aq Greenland: hulipati, wao husema qallunaaq. Hapo ningesimama.

Na jamani, msidanganywe na sura! Kuanneq, mmea ambao Wagreenland hula shina lake, una q kama maneno yao mengi, kumbe ni hvönn ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia waliohamia huko mwishoni mwa karne ya 10. Ulizeni kwanza nani alifika pwani ile, na alileta nini. Kisha fungueni kamusi linganishi ya lugha za ukoo huu, iliyochapishwa Fairbanks, Alaska, mwaka 1994. Mimi sasa siandiki mstari bila kuifungua, na makala yangu mbili za mwisho zimepita bila kurudishwa.

Kuhusu caayuq, ndugu yangu, ndiyo, asili ni moja, China. Lao limepita nchi kavu hadi kwa Warusi, kisha Wayupik wakaongeza mkia wa q; letu limekuja kwa Bahari ya Hindi. Greenland, walikofika Wadenmaki, chai ni tii.