Volteji ya sintesaiza kwenye kifaa cha mwangwi

SWALI: Sintesaiza yangu (ala ya muziki ya kielektroniki) ni ya moduli, yaani ya vipande vinavyounganishwa kwa waya. Je, nichomeke waya wa mono kwenye tundu la pedali la kifaa cha mwangwi, volteji ikiendeshe?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usiharakishe! Mara nyingi pete ya tundu hilo (mguso wa kati, ulio kati ya ncha na ardhi) hutoa umeme wa kulisha pedali, na plagi ya mono, isiyo na pete, huiunganisha na ardhi: shoti hiyo. Mimi hutumia waya wa stereo ambao pete yake haikuunganishwa. Volteji ipite kwenye ncha tu.

Kisha pima. Mawimbi ya moduli huweza kucheza kati ya volti -5 na +5, ilhali vifaa vingi hutaka 0 hadi 5. Yapunguze nusu, uongeze volti 2.5. Kitabu cha kifaa kikitaja kiwango kingine, kifuate hicho.