Kijana asitoke makaoni bila cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA

Mkuu, simamisha kwanza hesabu za godoro na jiko. Umeuliza umpe mtaji kiasi gani huyo kijana anayetoka makao ya watoto mwezi ujao akitimiza miaka 18, akapange wapi, na umsimamieje bila kumbana. Mimi nimekwama pale ulipoandika "vyeti atafuatilia akishatulia."

Maneno hayohayo niliambiwa mwaka 2021 na msimamizi wa makao alikolelewa binti niliyemchukua. Nikamwamini. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikanunua cherehani, nikajiona nimemaliza. Binti hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, wakamrudisha. Bila namba ya NIDA hakuna laini ya simu kwa jina lake, maana laini husajiliwa kwa alama za vidole, na godoro halina vidole, ndugu yangu! Akawa anapokea hela za wateja kwenye laini ya jirani. Jirani akahama usiku, na laini, na hela za vitenge vya sare ya harusi nzima. Wenye vitenge wakaja kumdai binti.

Hilo tulilipa likaisha. Lililoniuma ni chuo. Alikuwa na ufaulu mzuri wa kidato cha sita, lakini Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na yatima aambatanishe vyeti vya vifo vya wazazi. Tukarudi makaoni: msimamizi mpya, jalada halionekani, na yule wa zamani hapokei simu. Miaka 14 mtoto yuko mikononi mwenu, mnashindwaje kumwandikisha? Bado nina hasira naye. Dirisha la maombi ya mkopo likafungwa, mwaka ukapotea, binti akaanza kusema labda hakuzaliwa.

Kwa hiyo kijana wako asitoke. Kama ni wiki mbili zaidi, akae. Nenda naye kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, muombe nakala za kumbukumbu za kupokelewa kwake. Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha shule ya msingi. RITA watauliza vitu hivyo kwa aliyechelewa kusajiliwa. Hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi, la sivyo mtaanza kuhangaika na viapo. Kisha barua ya serikali ya mtaa, kisha NIDA. Anza wiki hii, msimamizi wa sasa akiwa bado anamjua kwa sura.