Baba yako alikwenda kutoa pole

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mbeya. Sisi hatujambo. Mvua imekolea, mahindi yanapendeza, na goti la baba yako limetulia.

Siku ile unatusindikiza uwanja wa ndege Lagos uliniuliza: "Mama, mna siku nane tu Nigeria, mbona tatu mmezipeleka Enugu? Mji wa makaa ya mawe yaliyokwisha una nini?" Ukamgeukia baba yako, akakujibu kwamba alikuwa na shughuli kule, basi. Unamjua alivyo. Nakujibu mimi, maana nilikuwa naye hatua kwa hatua.

Baba yako alikwenda kutoa pole.

Kabla hujazaliwa, akiwa bado kijana mgodini, alikwenda semina ya chama cha wafanyakazi. Mkufunzi akawasimulia habari za wachimbaji 21 wa makaa ya mawe waliouawa kwa risasi za polisi kwenye bonde la Iva, Enugu, tarehe 18 Novemba 1949. Usiku ule alirudi nyumbani hakula. Akaniambia, "Mama, wale watu walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara." Na sisi mwaka ule tulikuwa tunadai malimbikizo. Nilikuwa nakopa unga dukani nikiandikwa kwenye daftari. Tangu hapo Enugu haikumtoka kichwani.

Makaa yenyewe hayakwisha, mwanangu. Yamo bado kwenye milima ya Udi. Wakoloni waliyagundua 1909, uchimbaji ukaanza 1915, na mwaka uliofuata reli ikafika kutoka Port Harcourt, bandari iliyojengwa hasa kwa ajili ya makaa hayo. Mji ulizaliwa na mgodi. Baadaye yakaja mafuta, ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Biafra kuanzia 1967, treni zikahamia dizeli, na mgodi ukakosa mnunuzi. Mtaa wanaouita Coal Camp, walikokaa wachimbaji, leo ni mafundi magari na vipuri mwanzo mpaka mwisho.

Tulifika wakati wa harmattan, ule upepo mkavu wa kutoka Sahara. Vumbi jepesi limefunika kila kitu, midomo inapasuka, jua limefifia kama limewekewa pazia. Dereva wetu alikuwa kijana mpole wa Ngwo, kule juu kilimani. Alitueleza kwamba Enugu maana yake ni juu ya kilima, lakini mji mkubwa uko chini. Jina wamelichukua kwa kijiji cha mlimani. Alipojua shughuli ya baba yako alizima redio.

Bondeni hakuna mengi ya kuona. Barabara ya zamani inajipinda na mlima, majani yamefunika reli za matoroli, na pale shimo lilipoingilia ubavuni mwa kilima kuna giza tu na maji yanayodondoka. Baba yako alisimama mlangoni, hakuingia. Akaokota kijiti, akanyoosha mkono, akagonga mwamba wa juu mara tatu, kisha akatega sikio. Miaka yote ya ndoa yetu nilisikia wakisema "kugonga dari", sikuwahi kuona. Mwamba ulio imara unalia kwa kukaza. Ulioachana unalia kama debe tupu, na hapo unatoka mbio. Akagonga tena hatua mbili mbele. Akaniambia, "Hapa ningempitisha kijana wangu." Halafu akavua kofia.

Dereva alitusimulia yale ambayo kule kila mtoto amekua akiyasikia. Wachimbaji walianza mgomo baridi: wanaingia zamu, lakini mkono unakwenda polepole. Uongozi ukafukuza watu, wenzao wakakataa kutoka mgodini. Serikali ya Mwingereza ikahofia baruti zilizokuwa ndani, ikapeleka polisi wakazitoe. Watu walikuwa wanaimba na kucheza, wamejifunga vitambaa vyekundu kuonyesha kwamba ni kitu kimoja. Afisa wa polisi aliyeitwa Philip akaamuru risasi. Walikufa 21, wakajeruhiwa 51. Wanasiasa wa Nigeria waliokuwa hawasikilizani wakajikuta wamekaa pamoja kwa hasira ya siku ile, na miaka 11 baadaye nchi ikajitawala. Mimi nasema damu ya wale watu imo kwenye uhuru huo, na ninachukia kuona habari zao hazifundishwi huku kwetu.

Jioni ile kijana akatupeleka kwa babu yake. Mzee ana miaka themanini na ushee, marehemu baba yake alikuwa akikata makaa Iva na alinusurika. Hatukuanza mazungumzo. Kwanza ililetwa kola, kokwa chungu ya kutafuna, wao wanaita oji, kwenye kisahani cha mbao pamoja na pilipili yake. Mzee akaiinua akaomba dua ndefu kwa Kiigbo, kwa sababu wanasema kola haisikii Kiingereza. Akaivunja, akahesabu vipande: vinne, sawa na siku nne za soko lao, Eke, Orie, Afo na Nkwo. Wote wakafurahi. Mwanamke havunji kola. Hilo sikulipenda na sitajidai nililipenda. Lakini kipande nilipewa. Ni kichungu mpaka macho yanatoa machozi, kisha ukinywa maji unayaona matamu kuliko maji yoyote.

Zamu ya baba yako ikafika. Kiingereza chake unakijua. Alianza sentensi mara mbili akaiacha, mwishowe akasema kwa Kiswahili, "Mzee, poleni na msiba." Kijana akauliza pole ni nini. Nikamweleza: mtu akifiwa unamwambia pole, akijikwaa pole, akirudi kazini amechoka pole, hata kama kosa si lako. Uso wake ukang'aa. Akamgeukia babu yake akasema neno moja tu: "Ndo." Kumbe wanalo, mwanangu! Lile lile, la kufiwa na la kujikwaa. Mzee akamshika baba yako mkono kwa mikono yake miwili, akarudia, "Ndo, ndo." Walikaa vile muda mrefu. Miaka 35 ya ndoa, na mara ya mwisho kumwona baba yako akilia ni alipozikwa bibi yako.

Basi ndiyo shughuli aliyokuwa nayo. Hakukukimbia wewe wala Lagos yako.

Asubuhi ya kuondoka tulipita 9th Mile, njiapanda nje ya mji, kununua okpa, chakula chao cha kufungwa kwenye majani. Akina mama wanaikimbiza dirishani mwa gari, mabeseni kichwani. Nilifungua jani la mgomba, mvuke ukanipiga usoni. Ndani kuna kitu laini cha rangi ya machungwa, kizito mkononi kama kipande cha sabuni. Nilionja nikashtuka: njugu mawe! Hizi hizi tunazochemsha na chumvi, wao wanasaga unga, wanakoroga na mawese, pilipili na maji ya vuguvugu, wanafunga na kuchemsha. Yule mama nilimng'ang'ania mpaka akanipa vipimo kwa vidole.

Nimeshajaribu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa maji matupu, ya pili iliganda vizuri ila unga haukuwa laini. Mawese nimeagiza Kigoma, majani ya mgomba yapo uani. Baba yako ameizungushia duara tarehe 18 Novemba kwenye kalenda ya jikoni, anataka siku hiyo tupike nyingi, tuwaite wenzake wa mgodini waliobaki. Ukipata likizo, njoo na mwenzio. Na ukipita Enugu, niletee unga wao uliosagwa, kilo mbili zinatosha.

Mama yako