Jibu: Shabiki wa Star Trek, nimekwama kwenye Star Wars

Habari mkuu. Umesema umekulia kwenye Star Trek, ile ya hadithi za safari za angani, ukaianza Star Wars, nayo ya angani, kwa filamu ya 1999, ukachoka kabla haijafika nusu, na sasa unauliza kama uiache.

Usiiache. Mimi pia ni wa Star Trek kindakindaki, na nilikwama palepale. Kwanza angalia ulipoanzia: rudi kwenye ile ya 1977, kisha ya 1980, kisha ya 1983. Ya 1999 itakusubiri.

Halafu usiitafutie sayansi. Sisi tumezoea nahodha na maofisa wake wakikaa mezani kulijadili tatizo mpaka lipate jibu. Huku hakuna vikao. Ni hadithi ya upanga, mwalimu na mwanafunzi. Nilipoacha kudai maelezo ya mitambo ndipo nikaanza kuona vizuri. Itazame Millennium Falcon, chombo chao cha angani: ina madoa na mikwaruzo, na kwenye filamu ya 1980 injini yake ya kasi inagoma karibu kila wanapotaka kukimbia. Enterprise, chombo chetu cha Star Trek, inang'aa. Falcon imetumika, imechoka, na nimeipenda kwa hilo hilo.

Vaa na spika za masikioni. Mlio wa TIE, vyombo vya kivita vya maadui, mtengeneza sauti Ben Burtt aliutengeneza kwa kuchanganya sauti ya tembo na ya gari likipita kwenye barabara yenye maji. Angani sauti haisafiri, najua, lakini mlio ule bado unanisisimua mwili.

Katuni zao sijazitazama, kwa hiyo hizo sizisemei.