Vumbi na moshi wa Dodoma kwenye data za laida: usikimbilie namba ya mwisho

Wanafunzi wanaoanza kuchunguza hewa ya Kanda ya Kati kwa laida ya setilaiti, yaani kifaa kinachopiga leza na kupima mwanga unaorudi, huniuliza wapakue faili lipi. Mimi huwaambia kwanza waiache ile safu ya kiwango cha mwanga unaozuiwa na erosoli (chembe ndogo zinazoelea hewani), kwa sababu ndani yake mna dhana.

Setilaiti ya CALIPSO, iliyorushwa Aprili 2006 na kufanya kazi hadi Agosti 2023, ilipiga leza ya nanomita 532 na 1064, ikapima mwanga unaorudi. Mwanga unaozuiwa njiani hukokotolewa baadaye: programu huamua tabaka ni la aina gani, kisha hutumia uwiano wa laida (mwanga unaozuiwa ukigawanywa kwa unaorudi) uliopangiwa aina hiyo. Katika toleo la nne la data hizo, uwiano wa vumbi ni steradiani 44, wa moshi 70. Sasa chukua Agosti, mbuga zinaungua na upepo unapeperusha udongo wa Bahi na Chamwino. Tabaka likiitwa moshi badala ya vumbi, jibu linapanda karibu mara 1.6, na mwanga uliorudi ni uleule!

Ndiyo maana mimi hutangulia kutazama depolaraizesheni, yaani kiasi ambacho mwanga unaorudi umebadili mwelekeo wa mtetemo wake. Vumbi, kwa kuwa chembe zake hazina umbo la duara, hutoa uwiano wa karibu 0.3, moshi huwa chini zaidi. Ukiangukia katikati, piga hesabu kwa 44 na kwa 70, uripoti majibu yote mawili. Msimamizi akitaka namba moja, mtetee msomaji wako.

Angalia pia kimo. Data huhesabu kutoka usawa wa bahari, na Dodoma iko mita kama 1,100 juu yake. Tabaka linaloonekana kwenye kilomita 2 lipo chini ya kilomita moja kutoka paa za Nkuhungu, yaani watu wanaweza kuwa wanalivuta.

Anza na data za usiku, maana mchana jua huongeza kelele. Msimu wa mvua, wingu zito huimaliza leza kabla haijafika chini. Pengo lililo chini ya wingu hilo usiliandike kama hewa safi. Hapo hakuna kipimo.

Setilaiti mpya zaidi ya EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024, hutenganisha mwanga unaorudishwa na molekuli za hewa na ule wa chembe, hivyo uwiano wa laida unapatikana kwa kupimwa. Itumie. Ila laida yake ni ya nanomita 355, kwa hiyo usiunganishe mfululizo wake na wa CALIPSO kabla ya kurekebisha tofauti hiyo.