Mpunga wa tambarare na kahawa ya mlimani

Ndugu, umeuliza kwa nini tija ya mpunga wa Moshi tambarare ilipanda haraka huku kahawa ya mlimani ikidumaa, ilhali mkoa ni mmoja, Kilimanjaro. Kwa maoni yangu, jibu kubwa ni maji na mbegu kufika pamoja. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano wa Japani, uliwapa wakulima wa Mabogini na Chekereni mifereji, mbegu ya IR54, aina ya mpunga wenye bua fupi, na mbolea kwa wakati mmoja, na mavuno yakapanda kutoka takriban tani 2 kwa hekta hadi zaidi ya 6. Ila walio juu ya mto nao walipoanza kulima mpunga, maji yaliwapungukia walio chini.

Kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la mlimani lenye migomba na kahawa, ni tofauti. Chini ya mgomba utakuta kisiki cha mbuni kilichopandwa enzi za babu, kinene, chenye makovu ya kukatwa mara nyingi, katika kipande kilichogawanywa kizazi baada ya kizazi. Miche ya kahawa ya kituo cha utafiti cha Lyamungu inayostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani ipo, lakini mwenye robo ekari, na hili linaniuma, hawezi kung'oa mibuni yake yote na kungoja miaka bila mavuno.